Pembe ya baruti ni kukwangua kwanza, nakshi baadaye

Ukikutana na wapenzi wa pembe za baruti za Marekani ya karne ya 18, yaani pembe za ng'ombe zilizotumika kubebea baruti ya bunduki, wataanza na nakshi: ramani za mito na ngome, meli, jina la askari na mwaka. Sishangai. John Bush, mtu mweusi huru kutoka Shrewsbury, Massachusetts, aliwachongea askari wenzake pembe huko Lake George, New York, mwaka 1755 na 1756, na herufi zake zilizopambwa kwa vikonyo bado zinavutia. Mwaka 1757 alitekwa ngome ya Fort William Henry ilipoangukia mikononi mwa Wafaransa.

Hata hivyo, ninavyoona mimi, pembe nzuri hujulikana kabla haijaguswa na ncha ya sindano.

Pembe mbichi ya ng'ombe ni nzito, ina magamba, na ukuta wake huzidi unene kadiri unavyokaribia ncha. Fundi huichemsha ili kiini cha mfupa kitoke, kisha huingiza waya ndani kujua uwazi unaishia wapi. Hapo ndipo anapokata ncha na kutoboa kwa kekee hadi akutane na uwazi huo. Upande mpana huchemshwa tena hadi ulainike, ukasukumiwa pia ya mbao ili uwe duara, ndipo kizibo cha msonobari au mcheri kikae bila kuacha nafasi ya unyevu. Shingoni tupa hufanya kazi: huacha pete iliyoinuka ili kamba isichomoke.

Halafu huja kukwangua, na hapa ndipo wengi wa siku hizi huharakisha. Wanachukua mashine ya msasa. Pembe inapata joto, inanuka nywele zilizoungua, na uso wake unabaki na mikwaruzo midogo isiyoonekana. Siku ya kupaka masizi ili nakshi itokeze, masizi yanaingia katika kila mkwaruzo na pembe nzima inakuwa na ukungu wa kijivu. Kipande cha kioo kilichovunjika, au bati la chuma lenye ukingo mkali, hutoa nyuzi nyembamba na kuacha uso ulioshikana. Ni kazi ya mkono, tena ya polepole: unakwangua, unaiinua dirishani, unatazama mwanga unapita wapi na umekwama wapi, unarudi pale pale penye giza. Kuacha ukuta mnene kwa kuogopa kutoboa ni kuiacha kazi njiani.

Wembamba huo haukuwa urembo mtupu. Mwenye bunduki ya gumegume alitembea na pembe hiyo ubavuni kutwa nzima, mvua isiingie, wala isitoe cheche kama chuma. Ikiwa ya rangi ya maziwa na imekwanguliwa vizuri, aliweza kuiinua kwenye jua akaona baruti imebaki kiasi gani bila kufungua kizibo cha upande wa ncha.

Kwa sababu hiyo picha nyingi za pembe hizi huniudhi. Hupigwa upande wenye maandishi, taa ikiwa mbele, na kazi ya kukwangua haionekani kabisa. Wanaozihifadhi wangeweka taa moja nyuma yake.