Zumu ya mbugani, mwanga wa uwanjani

Msimu wa nyumbu ukikaribia, wapigapicha ninaowafahamu hurudia ubishi uleule: ununue zumu, yaani lenzi inayovuta na kurudi, inayofika mpaka milimita 600, au ujibane ununue lenzi ya urefu mmoja isiyovuta, milimita mia nne au mia sita, yenye tundu kubwa la kupitisha mwanga?

Kwa bei hakuna ubishi. Sony 200-600 ilitoka mwaka 2019 ikiuzwa chini kidogo ya dola 2,000. Mia nne ya f/2.8 (f ni kipimo cha tundu: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) ya kampuni hiyohiyo, iliyotoka mwaka mmoja kabla, iligusa dola 12,000. Tofauti yake ni gari la mkononi. Swali ni kama hilo gari linalipa.

Uwanjani linalipa. Chukua mechi ya saa moja usiku Kwa Mkapa. Tuseme taa zinakuruhusu ISO 3200 (ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga) kwa f/2.8, shata, yaani muda wa kupokea mwanga, ikiwa 1/1000 ya sekunde. Zumu uliyoivuta hadi mwisho iko f/6.3, inapokea mwanga pungufu mara tano, kwa hiyo ISO inapanda hadi 16,000. Wapo wanaosema siku hizi programu inafuta chenga zinazoletwa na ISO kubwa, na ni kweli, inafuta sana. Ila haigusi mabango ya matangazo nyuma ya mchezaji. Mchezaji akiwa mita 20 kutoka kwako, mia nne ya f/2.8 inashika fokasi kwa kina cha sentimita 40 hivi, na kilicho nyuma yake kinayeyuka. Zumu ikiwa kwenye mia nne hiyohiyo, kwa f/6.3, kina kinakaribia mita nzima, na mabango nayo yanaanza kusomeka. Mimi niliwahi kukataa kupandisha ISO nikashusha shata badala yake. Nyuso zilitoka safi. Miguu na mpira vilitoka kama moshi, na nilijua nimeharibu nilipofika nyumbani nikafungua kompyuta.

Mbugani hesabu inageuka. Ndani ya Serengeti gari haliachi njia kumfuata mnyama, na wewe hushuki, kwa hiyo anayepanga umbali ni mnyama mwenyewe. Simba akiwa mita 50, mia sita inakupa fremu yenye upana wa mita 3, saizi yake kabisa. Dakika kumi baadaye tembo anatokea mita 30 kutoka dirishani. Zumu ukiirudisha kwenye mia mbili, anaingia karibu mzima. Mwenye mia sita ya urefu mmoja anabaki na kipande cha mita 1.8, yaani kichwa na sikio. (Akifika mita 10, hata mia mbili inambana mno, toa simu.) Unaweza kubadili lenzi, bila shaka, kwenye vumbi lile, kisha ushinde wiki nzima ukifuta madoa kwenye kila anga la bluu ulilopiga.

Wapenzi wa tundu kubwa hujibu kwa alfajiri, na hapo wana haki. Saa kumi na mbili na robo, chui akiwa bado juu ya mti, mia sita ya urefu mmoja yenye f/4 inaingiza mwanga mara mbili na nusu ya f/6.3. Kwa anayelipwa kwa picha za chui, hoja imekwisha. Lakini sisi tuko jirani na ikweta, jua halichelewi. Nusu saa tu na zumu imeshaanza kupumua. Halafu kuanzia saa nne ardhi inachemka, hewa inacheza, na simba wa mita 150 anatoka laini kama umempiga ndani ya maji. Dhidi ya mazigazi, lenzi ya dola 12,000 na ya dola 2,000 ni ndugu. Nimeona watu wakirudisha lenzi dukani kwa kosa la joto.

Kwa hiyo kwa anayetoa pesa mfukoni mwake, nasema zumu kwa mbuga. Kwa mpira, asinunue yoyote kati ya hizo mbili. Atafute zumu fupi, sabini-mia-mbili ya f/2.8, akae nyuma ya goli moja, na akubali kwamba goli la pili, mita 105 mbele yake, si lake leo. Siku ya fainali aazime mia nne au aikodi.

Uzito nao una neno. Ndege ndogo za kwenda Seronera, ndani ya Serengeti, au Masai Mara kwa kawaida zinakupa kilo 15 za mzigo, nguo zikiwemo. Mia nne peke yake ni karibu kilo 3, na stendi haina pa kusimama ndani ya Land Cruiser. Wazoefu husafiri na mfuko mtupu wa kitambaa kizito, wakanunua mchele mjini wakaujaza, wakaulaza juu ya mlango na lenzi juu yake. Inatulia kabisa. Siku ya kuondoka mpishi wa kambi anaachiwa mchele.