Okidi Imepewa Wiki Tatu, Mimi Nilipewa Siku Nne

Mimi nilihamia Dodoma 2017. Barua ya uhamisho ilikuja Alhamisi, Jumatatu natakiwa niwe nimesharipoti. Hakuna aliyeuliza kama ngozi hii ya Temeke iliwahi kukutana na upepo wa huku. Midomo ilipasuka, visigino vikachanika kama mbuga wakati wa kiangazi, pua ikatoa damu katikati ya kikao. Nikaambiwa, "Utazoea." Hiyo ndiyo semina elekezi niliyopata.

Sasa njooni muone ua linavyohamishwa.

Mama Neema kaenda Dar kumlea binti yetu aliyejifungua. Kabla ya kupanda basi akanikabidhi okidi yake, ile yenye maua meupe kama vipepeo, iliyokulia kwenye ofisi yenye kiyoyozi. "Baba Neema, hii inatakiwa ihamie nje. Lakini taratibu." Neno "taratibu" alilisema mara tatu. Mimi nikashika "nje".

Jumamosi saa nne nikaitua juani pembeni ya pipa, kama mchicha. Nikaenda sokoni Sabasaba, nikakuta watu wanabishana mpira, na mimi nina la kuchangia. Narudi saa nane, nagusa jani: la moto kama simu iliyochezewa na watoto kutwa nzima. Kesho yake kuna doa jeupe la ukubwa wa sarafu ya mia mbili. Haukupita muda doa likawa la kahawia, kavu, kama karatasi ya maandazi. Na doa hilo halitoki. Kijana wa kitalu kaniambia jani likishaungua linabaki hivyo mpaka lidondoke.

Alinisomea mashitaka yangu kwa upole. Kwao okidi hii ni misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, inaishi imejishikiza juu ya mti, jua linaifikia limeshachujwa na majani, na hewa ina unyevu muda wote. Udongo haiujui, ndiyo maana kwenye kopo lake mna vipande vya magome na mkaa. "Mzee, umeitoa kwenye kiyoyozi ukaipeleka moja kwa moja kwenye jua la Dodoma, mita 1,100 na ushei juu ya bahari. Ulitaka ifanyeje?"

Nilitaka izoee. Mbona mimi nilizoea?

Nikapewa ratiba. Wiki ya kwanza kivulini kabisa, kibarazani, na isipigwe na upepo. Ya pili, nusu saa ya jua la asubuhi, lile la kabla ya saa tatu. Ya tatu unaongeza kidogo kidogo huku unagusa jani kwa kiganja. Likiwa la moto, irudishe. Mchana daima iwe chini ya neti nyeusi. Usiku iingie ndani, maana huu ni Julai, baridi yetu inafika nyuzi 13 na yenyewe chini ya 15 inanuna. Mimi nalala na blanketi lenye tundu.

Basi la ofisini kwetu kwenda Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, linapita saa moja na robo. Jua la Julai linachomoza saa moja kasoro. Pigeni hesabu. Nimeachwa na basi mara mbili nikisubiri ua limalize kuota jua. Bosi kauliza, nikasema nauguza.

Maji nayo! Ya kisima chetu yana chumvi, birika ndani limeota magamba. Mizizi ya okidi haitaki chumvi. "Tumia maji ya mvua," kijana ananiambia. Maji ya mvua! Dodoma! Julai! Hapa mvua ikishaaga Aprili, ni mpaka Desemba. Basi okidi inakunywa maji ya chupa, mimi baba mwenye nyumba nachemsha ya kisima.

Bibi jirani huwa ananichungulia juu ya ua wa michongoma. Juzi kashindwa kuvumilia, kanisalimia kwa Kigogo: "Mbukwenyi, mwanangu. Linaliwa hilo?" Nikamwambia hili haliliwi, ila kuna jamaa zake kule Nyanda za Juu Kusini, viazi vyao huchimbwa vikapelekwa Zambia, vikasagwa na kupikwa pamoja na karanga. Na vanila ya Bukoba nayo ni okidi. Akatikisa kichwa. "Sasa wewe kwa nini umechagua lisiloliwa?" Sikuwa na jibu, shikamoo bibi.

Jana asubuhi nikaona kitu: ncha ya mzizi mpya, kijani kibichi, imechungulia ukingoni mwa kopo. Nikapiga simu ya video palepale. Mama Neema akapiga kigelegele mpaka mjukuu akaamka. Nikaona hapo hapo ndipo pa kujieleza: midomo imepasuka tena, basi limeniacha, mgongo unauma kwa kubeba kopo asubuhi na jioni.

"Pole, Baba Neema," akasema. "Hebu sogea kidogo, unaizibia jua."