Mvuvi na nguva: akisema hayupo huaminiwa, akisema yupo huchekwa

Msimu huu wa kaskazi, bahari ilipotulia na maji kuwa maangavu, habari ya nguva, mnyama mkubwa wa baharini anayekula nyasi, imerudi tena Mombasa. Nilimkuta mzee mmoja wa Pwani Kusini kwenye soko la samaki la Bandari ya Kale akiwahadithia wenzake. Alfajiri ya bamvua, maji yakijaa, kitu kipana cha rangi ya majivu kiliibuka kando ya hori lake, kikatoa pua tu, kikavuta pumzi na kuzama. Kijana mmoja msomi wa mambo ya bahari alikuwa hapo, akamjibu kwa adabu: "Labda ni pomboo, mzee." Mzee akamtazama. "Pomboo namjua, mwanangu. Huyu mgongo hauna pezi. Nimemuona kwa mato yangu haya."

Waliokuwepo walicheka, na mazungumzo yakahamia bei ya changu. Mimi nilibaki na swali: neno la mvuvi lina uzito gani mbele ya elimu ya wanyama?

Kijana yule hakubahatisha. Taarifa za zamani zinataja kundi la nguva wapatao 500 lililoonekana kusini mwa pwani ya Kenya mwaka 1967. Sensa za angani za miaka ya 1990 zilihesabu nguva wasiozidi kumi katika maji yetu. Desemba 2022 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, liliwaweka nguva wote wa Afrika Mashariki katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, wakikadiriwa kuwa chini ya 250 waliofikia umri wa kuzaa. Kundi la kutegemewa limebaki visiwa vya Bazaruto, Msumbiji. Mtu aliyesoma hayo, akiambiwa nguva ameonekana kwetu, lazima aulize mara mbili.

Tena macho hudanganya. Kasa mkubwa akielea, pomboo akigeuka ubavu, gogo likipanda na kushuka na wimbi, yote hayo katika mwanga mdogo yanaweza kuwa nguva kwa anayemtamani. Mashua tatu zikimwona mnyama mmoja, sokoni wanafika watatu. Hata akiwa nguva kweli, huyu ni mnyama anayeweza kusafiri mamia ya kilomita, kwa hiyo mpita njia mmoja si ushahidi wa kizazi kilichobaki. Kule Tasmania, kisiwa cha Australia, thailasini (mnyama mla nyama aliyebeba watoto mfukoni kama kangaruu) wa mwisho kujulikana alikufa kizuizini mwaka 1936, na hadi leo watu wanaapa wamemwona porini. Hakuna hata mmoja aliyeleta ushahidi ukakubalika.

Sisi tuna mzigo mwingine, nao ni wa lugha. Neno "nguva" limebeba wawili: mnyama mla nyasi wa baharini, na yule nusu mtu nusu samaki wa hadithi. Mvuvi akifungua kinywa tu, wasikilizaji wa mjini wanamwona wa pili. Sijui mnyama mwingine wa pwani hii ambaye shahidi wake huanza kesi akiwa ameshindwa.

Lakini tazameni jambo moja. Mwaka 2022 watafiti walitangaza kwamba nguva ametoweka kiutendaji katika maji ya China, yaani hata akisalia mmoja mmoja, hana tena uwezo wa kuendeleza kizazi. Tangazo hilo lilisimama juu ya mahojiano. Waliulizwa watu 788 katika jamii 66 za wavuvi, kwenye mikoa minne ya kusini, na watatu tu wakasema wamemwona nguva ndani ya miaka mitano iliyopita.

Nimeizungukia hesabu hiyo kwa siku nyingi. Siwalaumu watafiti, kwa sababu kazi yao ilikuwa ya uangalifu na hitimisho lao ni la kuhuzunisha na la haki. Ninachotaka tukione ni kwamba mnyama ameandikiwa kifo katika taifa zima, na walioulizwa ni watu wa bahari. Hakuna aliyewaambia wale 785, "Labda mlimwona mkadhani ni pomboo." Kauli ya kutomwona ilipokelewa jinsi ilivyo.

Mtu atasema kutokuona kwa mamia kuna uzito kuliko kuona kwa mmoja. Ni kweli, na hilo silipingi. Ila hesabu ile nzima ina nguzo moja, kwamba mvuvi akimwona nguva atamtambua. Ing'oe nguzo hiyo, na tangazo la China linaanguka nayo. Ukiiacha isimame China, isimamishe na Gazi, huku Pwani Kusini kwa mzee wetu.

Historia ya bahari yetu hii inamsaidia mzee. Mwaka 1938 samaki aitwaye silakanti alinaswa Afrika Kusini, na wataalamu wakashangaa, kwa kuwa walimjua kwa visukuku tu na kuamini alitoweka tangu zama za dinosauri. Zikachapishwa karatasi zenye picha yake na ahadi ya zawadi ya pauni 100. Wa pili alipatikana mwaka 1952 Komoro, na ikabainika kuwa wavuvi wa huko walikuwa wakimnasa mara kwa mara na walishampa jina, gombessa. Mwaka 2001 mmoja wa kilo 77 aliingia kwenye wavu wa meli ya uvuvi karibu na Malindi.

Nchi kavu nako, Desemba 2021 mwindaji wa jimbo la New York alipiga risasi mnyama akidhani ni koyote mkubwa, mnyama mdogo wa jamii ya mbwa mwitu. Vipimo vya kwanza vya vinasaba vikasema koyote. Vilivyofuata, mwaka 2022, vikasema mbwa mwitu mwenyewe (wolf), mnyama aliyefutwa katika jimbo hilo tangu karne ya 19. Mwindaji alikosea na maabara ya kwanza nayo ikakosea. Ukweli ulipatikana kwa sababu kulikuwa na mzoga wa kupima na watu waliokubali kupima tena.

Kwetu mzoga hauletwi. Nguva anakula nyasi za baharini kwenye maji ya kina kifupi, palepale nyavu za jarife zinapotegwa. Akinaswa, hawezi kupanda kuvuta pumzi, anakufa maji. Mvuvi anayemkuta asubuhi anajua nini? Anajua Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha kwa makosa dhidi ya wanyama walio hatarini kutoweka. Sheria ile iliwalenga majangili wa ndovu na faru, na ilistahili ukali wake. Lakini mtu ambaye mali yake yote ni hori na wavu akiisikia milioni 20, atamrudisha mnyama baharini kabla jua halijapanda, na hatamwambia hata mkewe. Hivyo anayesema bila ushahidi tunamcheka, na mwenye ushahidi tumemtisha. Kisha tunausoma ukimya uliobaki kana kwamba ni takwimu.

Ukimya huo una bei. Gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa mwaka 2021, na ujenzi wa pwani hautaishia hapo. Kila mradi unaochimba sakafu ya bahari hutanguliwa na tathmini ya mazingira, na mnyama aliyeandikwa "wa zamani" hana wa kumtetea katika orodha ile. Nyasi zikifukiwa na tope, hata akiwepo atakosa chakula. Naye si wa kungoja mabishano yetu: hubeba mimba zaidi ya mwaka mmoja, huzaa mtoto mmoja, na hupumzika miaka mitatu hadi saba kabla ya mwingine. Kosa la kumwamini mzee bure litatugharimu safari chache za boti na mafuta. Kosa la kumpuuza, akiwa amesema kweli, halina marekebisho.

Na kumhakiki si kazi ngumu. Nguva akila huacha mifereji kwenye nyasi, na mpiga mbizi anaweza kuifuata. Maji ya mahali alipoonekana yanaweza kupimwa vinasaba. Kila BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo wao, inaweza kuwa na daftari, na anayeripoti nguva aliyekufa kwa bahati mbaya ahakikishiwe kwa maandishi kwamba hatashtakiwa kwa kusema.

Siku ile nilimfuata mzee nje ya soko, nikamuuliza kina cha maji, saa, upande wa upepo, na sakafu ya pale ikoje. Alijibu yote bila kusita, nami nikayaandika nyuma ya risiti. Nikampelekea yule kijana. Aliisoma, akaigeuza, akaisoma tena, kisha akaniuliza kama nyasi za pale ni fupi au ndefu.