Siku Mama Mkwe Alipogeuka Kijani

Mke wangu ana imani yake kuhusu mapambo: kochi kuukuu likipata mwanga mzuri huonekana la heshima, na kochi jipya likipata mwanga mbaya huonekana la kuazima. Kwa hiyo tulipoamua kuipendezesha sebule kwa pesa kidogo, alisema fanicha hatugusi. Tununue taa, mito ya kochi, pazia jepesi na kioo kikubwa cha ukutani, basi. Kioo alishakipangia mahali pake, mkabala na dirisha, ili mwanga wa mchana uingie mara mbili bila kulipiwa. Nikamkubalia yote. Kisha akanikabidhi kazi ya taa, na maelewano yetu yakaishia hapo.

Karatasi aliyonipa iliandikwa "globu za mwanga wa njano". Mimi ni mtu wa kutazama thamani. Dukani nikakuta pakiti ya globu za njano, na kando yake pakiti kubwa zaidi ya globu nyeupe kwa bei ya chini. Muuzaji akaziwasha zote mbili. "Mzee, hii ya njano ni ya kubembelezea usingizi. Hii nyeupe ndiyo taa." Boksi moja lilisema 2700K, jingine 6500K. Hesabu hiyo haihitaji darasa. Nikabeba 6500.

Hakuna aliyeniambia kwamba ile K ni kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga, wala haihusiani na wingi wake. Wingi husomwa kwa lumeni: globu ya LED ya wati 9 hutoa lumeni kama 800, sawa na ile globu ya zamani ya wati 60. Kelvini ni habari nyingine kabisa, na aliyeipanga hakututakia mema, maana namba ikipanda, mwanga unapoa. Kati ya 2700 na 3000 ni ule wa njano wa sebuleni na chumbani. 4000 ni wa katikati, wengi huuweka jikoni. 6500 ni mweupe wenye ubuluu, wa karakana na wa mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Huo ndio niliouweka juu ya kochi.

Tulipowasha, sebule haikupendeza; ilikiri makosa. Kila ufa ukutani ulijitokeza utambulike. Doa la kwenye kochi ambalo tulishalisamehe zamani likarudi na wenzake. Mito mipya, iliyokuwa ya rangi ya machungwa tulipoinunua, ikawa na rangi ya dawa ya kikohozi. (Globu za bei ya kutupa mara nyingi huzionea rangi hivyo, kwenye boksi hutafutwa alama ya Ra au CRI, na ikifika 90 vitu hubaki na rangi zao.) Mke wangu akanitazama, nikamtazama, kila mmoja akazihesabu mvi za mwenzake.

"Baba watoto," akasema, "zima tulale."

Jua lilikuwa ndiyo kwanza limezama.

Sikukata tamaa, kwa sababu nilikuwa nimeagiza mtandaoni taa ya kuning'inia yenye vishanga vya kioo. Pichani ilikuwa imetundikwa kwenye ukumbi wenye ngazi za marumaru, na chini yake amesimama mwanamke aliyevaa gauni la kuburuza. Maelezo yalisema kipenyo chake ni 18. Nikapima dari kwa inchi, nikaridhika. Mzigo ulipofika, boksi lilikuwa dogo kiasi kwamba nilidhani wametanguliza skrubu. Lakini taa ilikuwa humo humo, nzima, na vishanga vyake vyote. Ilikuwa 18 ya sentimita.

Tukaitundika hivyo hivyo. Dari likaonekana limevaa hereni, tena ya sikio moja. Mke wangu akaleta kanuni ya wapambaji: jumlisha urefu na upana wa chumba kwa futi, jibu ndilo kipenyo cha taa kwa inchi. Sebule yetu ni futi 12 kwa 14, basi ilitaka taa ya inchi 26, yaani sentimita 66. Yangu ilikuwa inchi 7.

"Hii inatosha chumba cha futi tatu na nusu kila upande," akasema. "Tafuta kuku uwawekee."

Nikanyamaza, kwa kuwa nilikuwa bado na silaha ya mwisho: utepe wa taa za LED, mita 5, rangi zote, na rimoti yake. Nikaubandika nyuma ya televisheni, ukapanda hadi juu ya kichwa cha kochi. Maelekezo yalisema ukuta ufutwe kwanza, ukauke, ndipo gundi ishike. Ukuta wetu una ile rangi inayoacha unga ukiuegemea, lakini mimi naona gundi nayo ina wajibu wake. Nikawasha rangi ya dhahabu iliyotulia, na kwa mara ya kwanza mke wangu akasema, "Hapo sasa." Globu nyeupe akazipiga marufuku. Tukabaki na utepe na ile hereni.

Mama mkwe akaja kututembelea, na shemeji yangu mdogo nyuma yake. Tukasalimiana, akaketi kochini katikati ya dhahabu yote ile, akatazama huku na huku. "Mkwe wangu, mmependezesha kweli." Laiti siku ingeishia hapo.

Shemeji, katika kujinyoosha, akatia mkono kati ya mito na kuibuka na rimoti ya televisheni, iliyokuwa imepotea muda mrefu hata tulishazoea kuamka kubonyeza. Tukashangilia. Akaongeza sauti.

Mama mkwe akawa kijani.

Ilitokea ghafla, kuanzia kilemba hadi mikononi, kijani cha kukolea. Shemeji akastuka, akabonyeza tena. Akawa zambarau. Rimoti hizi zote husema na vifaa kwa miale isiyoonekana, na vifaa vya bei nafuu wakati mwingine huitikia misimbo isiyo yao. Kwetu, sauti ya televisheni na rangi za utepe vilikuwa vimeshaoana bila kutualika. Mimi nikanyakua rimoti ya utepe nirudishe dhahabu, kwa haraka nikagusa kitufe kisicho chake, na sebule nzima ikaanza kuwaka na kuzimika, kuwaka na kuzimika.

"Mwanangu," mama mkwe akamwambia binti yake bila kutikisika, "mbona nyumba yako inanikonyeza?"

Kabla hajajibiwa, gundi ikatimiza ilichokuwa ikikusudia tangu mwanzo. Utepe ukabanduka kutoka juu, taratibu, ukamvika mama mkwe mabegani. Akakaa kimya huku akimetameta nyekundu, buluu, nyekundu. Shemeji alikuwa ameshatoa simu ananasa video. Nikapiga magoti nyuma ya televisheni na kung'oa adapta kwenye soketi.

Ikabaki hereni peke yake. Mama mkwe akaomba nayo izimwe kidogo, macho yapumzike. Nikabonyeza swichi. Vishanga vikafifia, lakini havikuzima. Pale juu gizani kukabaki kijimwanga chembamba kinatuangalia.

"Umezima?"

"Nimezima, mama."

"Basi hiyo anaiwasha nani?"

Hakuna aliyejibu. Akaanza kusoma dua kwa sauti ya chini, na shemeji, ambaye siku zote hujidai haogopi kitu, akahamia upande wa mlango.

Fundi umeme alikuja akacheka kabla hajafungua begi. Swichi ilikuwa imefungwa kwenye nyutro, waya unaorudisha umeme, badala ya waya wa moto unaouleta. Ukiizima, umeme bado unafika kwenye taa na kupenyapenya kidogo. Globu ya zamani isingejali, ila LED hulishwa hata na makombo hayo. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza nilipokuwa napandisha ile taa nilizima wapi. Nikamwonyesha swichi ya ukutani. Akanitazama kwa muda, akasema soketi ya taa ilikuwa na moto wakati wote huo, na kwamba kazi ya namna hiyo huzimwa kwenye swichi kuu. Mke wangu akaniandalia kiti.

Utepe aliuchukua mama mkwe. Aliuomba mwenyewe, na rimoti yake, nami nikampa pamoja na adapta kabla mtu hajabadili mawazo.

Globu 2700K alizinunua mke wangu, na sebule, lazima nikubali, imetulia. Juzi alinituma kuleta globu moja tu ya akiba. Safari hii karatasi ilijaa: kelvini, wati, Ra, aina ya kitako, na mwisho, kwa herufi kubwa, USICHUKUE KITU KINGINE CHA NDANI. Nikasoma mara mbili. Cha ndani. Pale mlangoni mwa duka zilikuwa zimepangwa taa za sola za bustani, kwa punguzo, kamba nzima.

Bustani hatuna, lakini punguzo lilikuwa linaisha siku ile ile.