Kifua Kinabana: Steroidi Ianze au Isubiri?

Mgonjwa akilalamika kifua, wapo wanaosema prednisoloni, kidonge cha steroidi cha kutuliza uvimbe, ianze leo leo. Wengine wanasema steroidi inaua kinga, isiguswe. Ukweli unategemea nini kimeharibika ndani ya pafu.

Vifuko vya hewa vina seli za aina mbili ukutani. Aina ya kwanza, nyembamba mno, imefunika karibu asilimia 95 ya eneo na kazi yake ni kupitisha oksijeni. Aina ya pili imejibanza kwenye kona, na hiyo ndiyo yenye mambo: inatoa safaktanti, utelezi unaozuia vifuko visigandamane, wenye protini iitwayo SP-A. Protini hii ikiwa mikono mitupu inaituliza makrofaji, seli inayomeza vijidudu. Ikishanasa bakteria inageuka na kuichochea. Ukuta pia huamsha TGF-beta, ishara nyingine ya kutuliza. Ndiyo maana vumbi la kawaida la kiangazi halizui vita kifuani.

Kwenye pumu tatizo linaanzia kwenye ukuta wa njia za hewa zenyewe. Seli zikichokozwa na moshi wa kuni hutoa TSLP na IL-33, ishara zinazoita jeshi la kinga lisilohitajika. Hapo steroidi inapiga panapouma: mtu mzima aliyebanwa vibaya hupewa prednisoloni miligramu 40 hadi 50 kila siku, kwa siku 5 hadi 7. Hata kwenye UVIKO-19, utafiti wa RECOVERY wa Uingereza mwaka 2020 ulionyesha deksamethasoni, steroidi nyingine, miligramu 6 kwa siku ikipunguza vifo kwa theluthi moja hivi kwa waliowekewa mashine ya kupumulia. Wasiohitaji oksijeni hawakufaidika.

Sasa mchukue mchimbaji wa migodi ya Mirerani. Makrofaji ikimeza chembe ya silika, vumbi la mwamba, haiwezi kuiyeyusha. Inakufa, inamwaga kemikali za uvimbe, chembe inabaki na kumezwa na nyingine. Prednisoloni haiondoi chembe hiyo hata moja. Inachofanya ni kulegeza ulinzi dhidi ya kifua kikuu, ambacho vumbi hilo tayari limekifungulia mlango. Miligramu 15 kwa siku kwa mwezi mmoja zinatosha kuongeza hatari. Kibaya zaidi, siku za mwanzo homa hushuka na hamu ya kula hurudi, basi mtu anafika Kibong'oto, hospitali ya kifua kikuu, akiwa amechelewa.

Kwa hiyo mimi nasimama hapa: kikohozi cha wiki 2 au zaidi, au historia ya mgodi, makohozi yapimwe kwanza. Anayeshindwa kumaliza sentensi kwa kubanwa asisubirishwe. Atibiwe, vipimo vifuate.

Kwa pumu ya kila siku, inhela ya steroidi ni bora kuliko vidonge, maana dozi ni ya maikrogramu na inaishia zaidi kifuani. Kama chombo cha kuvutia dawa ya inhela (spesa) hakipo, chupa ya maji ya nusu lita inafaa: toboa kitako tundu linalobana mdomo wa inhela, bonyeza mara moja, vuta taratibu mdomoni mwa chupa, zuia pumzi sekunde 10. Kisha sukutua na uteme, la sivyo utando mweupe wa fangasi utaota ulimini.