Kipimo cha miezi mitatu na damu ya shangazi

Shangazi yangu anakaa Muheza, kliniki anakochunguzwa kama ana kisukari iko Tanga mjini, na siku ya kupima anatakiwa afike hajatia kitu mdomoni. Anaondoka gizani, anakaa kwenye benchi mpaka saa nne, na kufikia hapo njaa imeshamshinda. Mara mbili nimekuta kitumbua kwenye mkoba wake kimeumwa upande mmoja. "Nimeonja tu, mwanangu." Majibu ya siku hizo yalikuwa ya kutupa.

Kwa hiyo nilifurahi alipoandikiwa HbA1c, kile ambacho wagonjwa wenyewe wanakiita kipimo cha miezi mitatu. Hakina kufunga. Jibu likaja: asilimia 6.3. Mpaka wa kisukari ni 6.5, ndio ambao Shirika la Afya Duniani liliupitisha mwaka 2011, basi shangazi akawa amepona kwenye tundu la sindano. Lakini asubuhi ileile alipimwa pia sukari ya kufunga, na safari hii mkoba niliukagua mwenyewe. Ikasoma milimoli 7.3 kwa lita, maana hii haipimwi kwa asilimia. Wiki iliyofuata, 7.4. Kwa aliyefunga, kuanzia 7.0 ni kisukari. Daktari, kijana mpole, akaziangalia karatasi zote, kisha akauliza kitu ambacho hakikuhusu sukari hata kidogo: "Mama, una mtoto mwenye sikoseli?"

Anaye. Na hapo ndipo penye mjadala ambao watafiti wamekuwa nao kwa miaka kadhaa, nasi huku unatuhusu kuliko wengi: je, kipimo hiki kinafaa kutumika peke yake kuamua nani ana kisukari?

Kinavyofanya kazi ni rahisi kueleza. Sukari inayozunguka kwenye damu hunasa kwenye himoglobini, protini iliyo ndani ya chembe nyekundu za damu, na ikishanasa hubaki humo hadi chembe nyekundu ife. Chembe huishi siku kama 120, kwa hiyo ukipima kiasi kilichonasa unapata picha ya wiki nyingi, si ya asubuhi moja. Samuel Rahbar aliiona himoglobini hii ya ajabu kwa wagonjwa wa kisukari mjini Tehran mwaka 1968. Mwaka 1993 ukatoka utafiti mkubwa wa Marekani na Canada wenye wagonjwa 1,441 wa kisukari aina ya kwanza: waliodhibitiwa hadi karibu asilimia 7, badala ya 9, walipunguza hatari ya kuanza kuharibika macho kwa asilimia 76. Tangu hapo namba hii ina heshima yake, na imeistahili.

Wanaoitetea wana hoja nyingine ambayo watu wa maabara wanaijua vizuri. Damu ya kupimia glukosi ikikaa kwenye kichupa, chembe zinaendelea kuila sukari ileile unayotaka kuipima, asilimia 5 hadi 7 kila saa. Sampuli ikitoka zahanati asubuhi na kufika maabara ya wilaya mchana, mgonjwa anaweza kuonekana mzima kwa sababu ya gari kuchelewa tu. HbA1c haina kadhia hiyo. Na tukumbuke ukubwa wa tatizo: Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba zaidi ya nusu ya wenye kisukari barani Afrika hawajijui. Ukiweka masharti ya kufunga, kurudi kesho na kunywa glukosi gramu 75 kisha kusubiri saa mbili, wengi hawatarudi.

Hoja hizo ni nzito. Shida ni kwamba kipimo kizima kinasimama juu ya dhana moja, kwamba chembe nyekundu za watu wote ni za namna moja na huishi muda uleule. Ukanda wetu haukuumbwa hivyo. Anthony Allison alionyesha mwaka 1954, kwa kazi aliyoifanya Uganda na Kenya, kwamba kurithi sikoseli kwa mzazi mmoja kunamkinga mtu na malaria. Malaria ndiyo iliyoitunza hali hiyo kwenye damu zetu vizazi na vizazi. Kanda ya Ziwa, Tanzania, watoto wachanga waliopimwa walionyesha kwamba mmoja kati ya watano ni mbebaji. Hawaumwi, na wengi wao hawatajua maishani mwao.

Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya Wamarekani weusi 4,620. Kwa sukari ileile ya kufunga, wabebaji wa sikoseli walisoma asilimia 5.72 na wasio wabebaji 6.01. Tofauti ya 0.29 inaonekana kiduchu. Iongeze kwenye 6.3 ya shangazi, ambaye mtoto wake anaashiria kuwa naye ni mbebaji, uone inavyoangukia. Mwaka uleule utafiti mwingine, wa watu karibu 160,000 wa asili mbalimbali, ulikuta kwamba mwanaume mwenye aina moja ya upungufu wa kurithi wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda chembe nyekundu, aina ambayo hupatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika, husoma chini kwa karibu asilimia 0.8. Hiyo si kiduchu tena. Mtu wa 7.2 anarudi nyumbani akiwa "mzima".

Ungedhani dawa ni kuteremsha mpaka kwa Waafrika. Nimesikia wakipendekeza hivyo, na sikubaliani nao. Upungufu wa madini ya chuma, ambao kwa mama zetu ni jambo la kila siku, huipandisha HbA1c bila sukari kupanda. Malaria inayovunja chembe huishusha. Kuongezewa damu kunaivuruga kabisa. Namba inavutwa huku na huku na damu ya kila mtu, na baadhi ya mashine nazo hubabaishwa na himoglobini ya sikoseli yenyewe.

Mimi nakiona kipimo hiki kuwa kibovu cha kumlinganisha Asha na Juma, lakini kizuri cha kumlinganisha Asha na Asha wa miezi mitatu iliyopita. Kama damu yake inapunguza 0.3, itapunguza 0.3 leo na mwezi wa tisa, ilimradi hajaugua malaria wala kuanza vidonge vya damu hapo katikati. Kwa kufuatilia matibabu, kibaki. Kwa kumwambia mtu kwa mara ya kwanza "huna kisukari", kisiachwe peke yake, hasa pale jibu linapogusa mpaka. Stripu ya sukari ya kufunga ina bei nafuu kuliko HbA1c, na swali la daktari yule halina bei kabisa.

Shangazi alianzishiwa metformini. Kwenye jalada la kadi yake daktari ameandika kwa kalamu nyekundu: *mtoto ana sikoseli, HbA1c isitumike peke yake.* Miezi mitatu baadaye ilisoma 5.9, naye akataka kujua kama sasa anaweza kurudia vitumbua. Tukafungua kadi, tukaangalia ya kufunga: 6.8.