Kabla ya kuingia Arabuko-Sokoke, punguza upepo wa tairi

Wapo watu wa Malindi wanaofunga safari hadi milima ya Taita kwenda kutazama msitu, ilhali Arabuko-Sokoke wanaupita kila wiki kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa, vioo juu, wakidhani ni pori tu. Msitu huu una kilomita za mraba 420 hivi, na ndio mkubwa kuliko misitu mikavu yote ya pwani iliyobaki Afrika Mashariki. Ukungu kama wa Taita hauna. Ila ukiingia kupitia Gede na kushika njia ya magharibi, udongo wenyewe utakwambia umefika wapi.

Kwanza ni msitu mchanganyiko, wenye mibambakofi. Kisha miti ya mirihi inaanza, imeachana, jua linapenya, na chini ni mchanga mweupe mtupu. Mbele zaidi mchanga unageuka udongo mwekundu, vichaka vinabana njia, na ndipo anapoishi bundi mdogo wa Sokoke.

Mchanga mweupe ndio unaowaumbua wengi. Gari livute kwa magurudumu yote manne, na upepo wa tairi ushushwe kutoka PSI 32 hivi hadi 20 kabla ya kuingia mchangani, si baada ya kuzama. Tairi laini hutanuka na kukanyaga eneo kubwa zaidi; tairi ngumu hukata kama kisu. Usikate usukani ghafla, maana tairi laini huweza kuchomoka kwenye ringi. Ukihisi gari linazama, acha kukanyaga mafuta. Kila mzunguko wa gurudumu unachimba, na chesisi ikishalala mchangani kilichobaki ni koleo. Beba pia ubao wa kuwekea jeki, la sivyo jeki itazama yenyewe.

Udongo mwekundu una tabia tofauti. Ukiwa mkavu ni kama lami. Mvua ya masika ikinyesha usiku, asubuhi unateleza kama sabuni, na kupunguza upepo hakusaidii kitu. Hapo geuza gari. Ni heri kuukosa mwinuko wa Nyari, na mandhari yake ya msitu uliotandazwa chini, kuliko kulala njiani kwenye msitu wenye ndovu.

Nenda saa 12 na nusu asubuhi, mwendo usizidi kilomita 15 kwa saa. Sikiliza majani makavu: sengi, mnyama mdogo mwenye pua ndefu na makalio ya rangi ya dhahabu, husikika kabla ya kuonekana. Zima injini akivuka. Mwenye haraka hapati kitu humu ila vumbi.

Ukirudi lami, jaza upepo kwanza. Tairi laini kwenye lami hupata moto ubavuni, na ikipasuka itakuwa kwenye mwendo kasi. Kama huna pampu ya kuchomeka garini, jikokote polepole hadi kwa mafundi wa pancha pale Gede.